Kipengele cha Nne

Hakimu hakumwona. Mkisahau yote nitakayosema, hili mlishike: hakimu alimtoa yule mama kwenye kitalu chake bila kumwona uso, bila kusikia sauti yake, bila hata kuuliza kama yu hai. Alisoma karatasi za mtu mwingine akiwa amesimama, akatia saini, akaulizia chai yake. Nilikuwepo. Mimi ndiye niliyeshika mlango.

Kazi yangu ilikuwa kupeleka hati za mahakama. Miaka kumi na tisa nimepanda ngazi za watu, nimekimbizwa na mbwa, nimemwagiwa maji ya kufulia, yote kwa sababu ya bahasha isiyo yangu. Mtaani waliniita Kisirani. Hata watoto wa dada yangu walinipokea hivyo mlangoni: "Mjomba Kisirani kaja! Leo nani kashtakiwa?" Sikununa. Mtu unayewapelekea watu habari mbaya kutwa, ulitaka wakuite nani?

Yule mama naye aliitwa kwa kazi yake. Mama Miche. Kitalu chake kilikuwa nyuma ya karakana ya kuchomelea vyuma, uwanja mrefu mwembamba wenye ukuta pande tatu na geti la bati upande wa nne. Kwenye geti aliandika kwa rangi nyeupe namba yake ya simu, herufi kubwa kama za duka. Ndani, viriba, ile mifuko ya plastiki ya kuoteshea miche, vimepangwa mistari, udongo umechekechwa, mpira wa maji umezungushwa vizuri ukutani. Alianza maisha akifagia ofisi za watu wa kilimo. Wataalamu wakikaa mezani kubebesha miche, yaani kuunga kijiti cha mti mmoja kwenye shina la mwingine, yeye anafagia hapo hapo, anafagia tena, anafagia mpaka sakafu inaomba radhi, kumbe anaiba ujuzi kwa macho. Usiku wa siku hiyo hiyo anajaribu nyumbani kwa wembe. Aliniambia miche mia moja ya kwanza yote ilikufa. Ya mia na moja ikashika.

Alikuwa na mdomo, yule mama. Mtu akinunua mche akauweka kwenye buti la gari lililoanikwa juani, alimrudishia pesa yake na kumnyang'anya mche. "Mtoto mchanga unamtia kwenye oveni? Toka." Mimi mwenyewe niliwahi kwenda kununua mlimao. Akaniuliza nakaa wapi. Nikamwambia ghorofa ya tatu. "Utaupanda kwenye sufuria? Nenda sokoni ukanunue limau lako, unisalimie." Nikaondoka mikono mitupu, nacheka peke yangu njiani.

Sasa sikilizeni kilichokuwa ndani ya kitalu kile, maana hicho ndicho kilichogombaniwa, hata kama kwenye faili hakikuandikwa popote. Marehemu mumewe, fundi bomba, alikuwa na mchungwa mmoja pembeni ya uwanja. Uliota wenyewe, hakuna aliyejua umetoka wapi. Machungwa yake yalikuwa na ganda jembamba, matamu mpaka unasikia koo linawasha, na hayana mbegu hata moja. Kitu kisicho na mbegu hukipandi upya. Unachukua vikonyo, vile vijiti vyenye macho, unavibebesha kwenye shina la mlimao, unafunga na nailoni, unamwomba Mungu. Mume alikufa. Mchungwa nao ukapata maradhi ya mizizi, ukaanza kukauka toka juu. Kabla haujakatwa, Mama Miche alivuna kila kikonyo kilichokuwa bado na uhai. Akabebesha miche mia mbili na kumi na miwili. Mti wenyewe ukawa kuni. Duniani kote, mchungwa ule ulikuwa umebaki kwenye viriba vile tu, vyenye umri wa wiki mbili, chini ya kivuli cha makuti upande wa nyuma.

Ndipo shemeji yake, mdogo wa marehemu, akautaka uwanja. Alitaka kuegesha magari. Alimfuata mara mbili, akafukuzwa mara mbili, na mara ya pili Mama Miche alikuwa na kisu cha kubebeshea mkononi kwa sababu alikuwa anabebesha. Angeshika nini, kijiko? Ubapa wa kisu kile haukuzidi kidole changu cha mwisho. Shemeji akaenda kwa wakili, na kile kisu kikafika mahakamani kikiwa "silaha yenye makali".

Niwaeleze jinsi mambo yanavyokwenda pale, maana wengi wanadhani hakimu ndiye anayeandika amri. Thubutu! Wakili anakuja nayo tayari imechapwa, ina vipengele vyote anavyotamani mteja wake, pamoja na kiapo cha maandishi na hati ya dharura juu yake. Kazi ya hakimu ni kukata kwa kalamu asichokikubali. Asichokata kimepita. Na maombi ya dharura hupelekwa chemba, ofisini kwa hakimu, Jumatatu asubuhi, kabla mahakama haijaanza, rundo zima, mawakili wamepanga foleni kama wapo kinyozi. Upande wa pili haupo. Ndiyo maana ya dharura, eti: hakuna muda wa kumwita mwenzako akajieleza.

Jumatatu ile hakimu aliuliza swali moja tu. "Upande wa pili mmeutafuta?"

"Tumeutafuta, mheshimiwa. Hapatikani."

Hapatikani! Mtaa wa pili kutoka pale, namba ya simu imeandikwa getini kwa rangi! Nilikuwa nimeshika mlango na mdomo wangu nimeufunga. Mpeleka hati hasemi chemba. Hakimu akageuza kurasa, kalamu ikiwa hewani, haikukata kitu. Akasaini zuio la muda, la siku kumi na nne. Karani akagonga muhuri, akanikabidhi.

Mimi nasoma kila ninachopeleka. Nilisoma nikiwa njiani. Kipengele cha kwanza, asiingie kwenye uwanja. Cha pili, asiguse mali iliyomo. Cha tatu, ufunguo ukabidhiwe mahakamani. Cha nne, asimtume mtu yeyote, awe ndugu, mtumishi au wakala, kuingia kwa niaba yake kufanya jambo lolote. Mwishoni wameandika kwamba hali ibaki kama ilivyo mpaka shauri litakaposikilizwa. Nilisimama pale kona ya karakana nikakisoma kipengele cha nne mara mbili. Nilijua kabisa kina maana gani kwa kitalu. Nikabisha hodi.

"Kisirani," alisema aliponiona, keni ya kumwagilia mkononi. "Umepata shamba la ule mlimao sasa?"

"Mama, ni kazi."

Akaisoma yote amesimama, midomo ikicheza. Alipomaliza hakupiga kelele. Hicho ndicho kilichonitisha.

"Nisiingie mimi, sawa. Na nisimtume mtu?"

"Ndivyo ilivyoandikwa."

"Nani atamwagilia?"

 Nikamwambia tarehe ya kusikilizwa ni baada ya wiki mbili, hali ibaki kama ilivyo.

"Hali ya nini?" akasema. "Kaka, mche haukai kama ulivyo hata nusu saa. Huyo mheshimiwa amewahi kufuga hata kuku?" Akanionyesha kidole upande wa nyuma, kwenye kivuli. "Ile pale imefungwa juzi juzi tu. Inataka mkono wa mtu kila siku. Nimwambie nini, isubiri?"

"Nenda mahakamani ukaeleze."

"Si mahakama ndiyo iliyonitumia wewe?"

Nilimwambia asaini kwamba amepokea. Akasaini. Akaiweka keni chini ikiwa na maji nusu, akatoka, akafunga kufuli, akanipa ufunguo. Mwenzenu nilijiona mdogo kama punje. Lakini niliupokea. Niliupeleka ukatundikwa kwenye ubao wa funguo mlangoni pa ofisi yetu, na ubao ule aliyekuwa anautunza ni mimi.

Kesho yake alifika kwa karani na barua ameiandika kwa mkono, kurasa tatu, mwandiko mzuri.

"Mama," karani akamwambia, "hakimu haandikiwi barua kama mchumba. Lete maombi, lete kiapo, lete wakili."

"Shemeji yangu alileta nini?"

"Alileta hati ya dharura."

"Na mimi nina dharura."

"Yako haijasajiliwa."

Na hata ingesajiliwa, hakimu alikuwa ameondoka kwenda semina. Wiki nzima. Semina ya kuharakisha haki, naapa kwa Mungu wangu, ndivyo ilivyoandikwa kwenye tangazo ukutani. Mama Miche alikaa kwenye benchi la korido siku ya kwanza, ya pili, ya tatu. Ananiangalia ninavyopita na bahasha zangu. Haniombi kitu. Angeniomba ningemjibu ovyo nikapata nafuu. Jua la wiki ile lilikuwa kali, na kila nilipotoka nje nililaani watu: shemeji, wakili, hakimu na semina yake, na mimi na mlango wangu.

Siku ya tano nikakisoma tena kile kipengele. Asimtume mtu. Haya, mimi kanituma nani? Hakuna! Mtu asiyetumwa hajazuiwa. Nilifurahi kama mwizi aliyekuta dirisha wazi. Miaka kumi na tisa nasoma karatasi zao, leo nimezipiga chenga. Ila nilijua jambo moja: nisimwambie neno. Nikimwuliza hata swali dogo, naanzia wapi, naweka kiasi gani, basi amenituma, na amevunja amri. Nikapita mbele ya benchi lake nimekaza shingo.

Asubuhi iliyofuata, kabla ya saa za kazi, niliuchukua ufunguo, nikafungua geti, nikaufungulia mpira. Nilimwagilia yote. Mstari kwa mstari, nikaufunika mdomo wa mpira kwa kidole gumba maji yakanyesha kama mvua, nikaiosha miche mpaka majani yakang'aa. Ile ya kwenye kivuli niliipa zaidi, kwa kuwa nilijua ndiyo yenyewe. Siku sita nilifanya hivyo. Nilikuwa nafika kazini viatu vimelowa, najisikia mtu mwema. Tenda wema nenda zako, si ndivyo tulivyofundishwa?

Maji yalipita chini ya geti. Shemeji alipita na simu yake, akapiga picha za tope.

Siku ya kusikilizwa ikafika, na badala ya kusikilizwa zuio, wakili akasimama na ombi jipya: mama amedharau amri ya mahakama. Picha hizi hapa. Tope hili hapa. Hakimu, aliyenona kwa chai za semina, akamtazama Mama Miche kwa mara ya kwanza.

"Uliingia?"

"Sikuingia, mheshimiwa. Sikumtuma mtu. Sijui maji yametoka wapi."

Watu wakacheka nyuma. Mimi nilikuwa mlangoni kama kawaida yangu.  Nikasema, "Mheshimiwa, ni mimi."

Ukumbi mzima ukageuka. Karani alinifanyia ishara ya kunyamaza, nikamwangalia tu.

"Wewe ni mhusika katika shauri hili?"

"Hapana, mheshimiwa. Ni mimi niliyemwagilia. Mama hajui."

"Una kiapo?"

"Mheshimiwa, nipo hapa nasema."

"Nimekuuliza una kiapo."

"Sina."

Yaani karatasi ya shemeji aliiamini shemeji mwenyewe hajamwona! Mimi nimesimama mbele yake na miguu yangu miwili, naambiwa sina karatasi. Wakili akainuka haraka, akasema kama mtumishi wa mahakama amekiri kutumia ufunguo, basi kipengele cha nne kimevunjwa waziwazi.

"Nani alikutuma?" hakimu akauliza.

"Hakuna aliyenituma."

Akavua miwani. "Hakuna mtu anayemwagilia shamba la mtu mwingine bila kutumwa," akasema, na akaandika hivyo hivyo. Niliona kalamu ikitembea. Jumatatu ile ilikuwa imekauka, leo imepata wino.

Siku saba mahabusu kwa Mama Miche. Zuio likaongezwa siku kumi na nne nyingine kwa sababu muda wa kusikiliza ulikuwa umekwisha na foleni ni ndefu. Mimi nikasimamishwa kazi, ufunguo nikanyang'anywa. Askari alipomchukua alipita karibu yangu. Nilidhani atanitukana, na nilitaka anitukane.

"Ni kweli ulimwagilia?" akaniuliza.

"Kweli, mama."

"Na ile ya nyuma?"

"Hiyo ndiyo zaidi."

Akafumba macho kidogo. Nilidhani ni shukrani. Mpumbavu mimi.

Zile siku kumi na nne nyingine sitazieleza sana, nitatukana watu. Nilikwenda mahabusu na chakula, nikaambiwa si ndugu. Nilikwenda getini, nikachungulia kwenye tundu la geti, sikuona kitu zaidi ya viriba vya mbele, majani yamejikunja. Shemeji alinikuta hapo. "Kisirani, umekosa kazi sasa unachungulia wanawake?" Nilimsogelea nikitaka kumpa kofi, akaipandisha simu yake usawa wa uso wangu ili apige picha. Nikarudi nyuma. Kofi lile lingekuwa hati nyingine ya dharura.

Siku ya pili ya kusikilizwa, hakimu alilisoma faili. Alilisoma akiwa amekaa. Mama Miche alimpa hati ya kununua uwanja, ina jina lake mwenyewe, ina saini ya muuzaji na mashahidi, na picha ya kisu pamoja na rula pembeni. Hakimu alipofika kwenye kipengele cha nne akakunja uso.

"Hiki kiliingiaje?"

"Kilikuwemo tangu mwanzo, mheshimiwa," wakili akasema bila haya. "Mheshimiwa hakukikata."

Hakimu akaichukua kalamu yake. Kisha likaondolewa. Zuio lote. Dakika kumi tu alizitumia, nilizihesabu kwenye saa ya ukutani nikiwa nimeketi na watazamaji. Dakika kumi zilizokosekana Jumatatu ile. Shemeji aliyeapa uongo hakuulizwa kitu. Alitoka anapiga simu, anacheka. Naye wakili wake alimpa Mama Miche mkono, "Hongera, mama, haki imetendeka," naye akauangalia ule mkono mpaka ukarudi mfukoni.

Aliniona koridoni, ufunguo amesharudishiwa. "Twende," akasema.

Tulishika njia ya kitalu. Kufuli lilikuwa limeshika kutu, likagoma, nikamsaidia kulivuta. Ndani kulinuka udongo mkavu. Viriba vya mbele vilikuwa vimeisha, mipapai, mipera, milimao, yote majani ya kahawia, ukiyagusa yanavunjika. Hakuitazama. Alipita katikati moja kwa moja mpaka kwenye kivuli, mimi nyuma yake, nikiwa na tumaini la kijinga kwamba siku zangu sita zilitosha.

Alichuchumaa. Akashika mche wa kwanza pale ulipofungwa nailoni, akausukuma kwa kidole gumba, taratibu. Kikonyo kikatoka mkononi mwake kama jino bovu. Chini ya nailoni kulikuwa kweusi na kumelainika. Akashika wa pili. Wa tatu. Alikwenda mstari mzima hivyo, hakuna ulioshika. Akarudi mstari wa pili.

"Hii haikufa kwa kiu," akasema.

Akakinusa kidole gumba chake.

"Ulimwagilia kwa juu?"

"Kwa mpira," nikasema. "Yote. Hakuna niliouruka."

"Maji yameingia kwenye kidonda. Mche uliofungwa unapewa kikombe, chini, shinani, basi. Ukilowa hapa unaoza." Sauti yake ilikuwa ya mtu anayefundisha. "Kwa kiu ingekufa mingi. Si yote. Hapa kuna kivuli. Ningepata kumi. Ningepata hata mmoja, kaka, mmoja tu ulikuwa unanitosha, ningeukata vikonyo mwakani."

Alikwenda mpaka mche wa mwisho kabisa, ukutani. Nao ukatoka. Akauweka chini na wenzake, akafuta mkono kwenye sketi.

"Kwa nini hukuniuliza?"

"Ningekuuliza, wangekufunga."

Akainua uso akanitazama.

"Si wamenifunga," akasema.